Baba anasema hivi, mwalimu anasema vile: kiwanda cha umma kilikuwa na ufanisi au la?

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Nyegezi, Mwanza, nasomea uhasibu, nyumbani kwetu ni Igoma. Baba yangu alifanya kazi miaka kumi na saba kwenye kiwanda cha nguo cha umma huku Kanda ya Ziwa. Kila siku anasema kiwanda kilikuwa kizima, mashine zinanguruma usiku na mchana, mpaka Serikali ilipokiuza. Darasani mwalimu anatuambia viwanda vya umma havikuwa na ufanisi kwa sababu havikuwa na mwenyewe. Mimi nimekaa katikati. Nitajuaje nani yuko sahihi? Na unapimaje ufanisi wa kiwanda ambacho hakikujengwa kwa ajili ya faida peke yake?

Binti wa Igoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na baba yako, maana yeye alikuwepo, na mimi nilikuwepo pia, kwenye kiwanda kingine kando ya ziwa hilihili, nikiwa karani wa gharama na baadaye mhasibu. Simbishii kwamba alisikia mashine zikinguruma. Ukumbi wa kufumia una kelele ambayo ukishaizoea, ikikatika usingizini unaamka. Tatizo ni kwamba sikio halihesabu.

Chukua mashine moja ya kufuma na zamu moja ya saa nane. Hizo ni dakika 480. Tuseme uzi umekatika mara kadhaa, fundi amechelewa kufika, umeme umeyumba kidogo, na mashine imezunguka dakika 384. Hiyo ni asilimia 80, si mbaya. Sasa, kwa sababu mashine ni kuukuu, fundi amepunguza mwendo ili uzi usikatike ovyo, kwa hiyo inakwenda kwa asilimia 80 ya kasi iliyoandikwa na mtengenezaji. Nayo si mbaya. Kitambaa kikifika kwa wakaguzi, asilimia 90 kinapita daraja la kwanza, kilichobaki kina matundu na mistari. Hiyo nayo inaonekana nzuri kabisa. Zidisha sasa: 0.80 mara 0.80 mara 0.90. Unapata 0.576. Yaani kati ya kitambaa kizuri kilichopaswa kutoka katika zamu ile, hata asilimia 58 hazikufika, na hakuna mtu ndani ya ukumbi aliyekaa bure, wala baba yako hakusikia kimya. Ukienda kiwandani ukaambiwa "mashine zetu zote zinafanya kazi", uliza hayo matatu: zimezunguka muda gani, kwa mwendo gani, na kimetoka nini cha kuuzika.

Hapo nimezungumzia mashine inayozunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyingi zilikuwa zimelala. Kwa ujumla viwanda vya Tanzania wakati ule vilifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake, na hilo lilikuwa taifa zima, si Mwanza peke yake. Kwa mtu wa gharama kama utakavyokuwa wewe, theluthi moja si suala la kuzalisha kidogo tu. Ngoja nikupe hesabu ya mfano, namba ni zangu za kufundishia.

Tuseme kiwanda kina uwezo wa mita milioni 10 kwa mwaka. Gharama zisizobadilika, yaani mishahara ya kudumu, riba, ulinzi, bima na uchakavu, ni shilingi bilioni 4. Gharama inayokwenda na kila mita, yaani pamba, rangi na umeme, ni shilingi 900. Sokoni mita inauzwa shilingi 1,500. Kiwanda kikijaa, kila mita inabeba shilingi 400 za zile bilioni nne, jumla 1,300, na unabaki na faida ya 200. Kikienda kwa asilimia 30, yaani mita milioni 3, kila mita inabeba shilingi 1,333, jumla 2,233. Unauza 1,500. Unapoteza shilingi 733 kwa kila mita, na kwa mwaka ni bilioni 2.2. Wafanyakazi ni walewale, ujuzi ni uleule, meneja ni yuleyule mwaminifu. Mahali pa kutopata wala kupoteza ni mita milioni 6 na laki sita na kitu, theluthi mbili ya uwezo. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kwa kiwanda chochote, cha Serikali au cha mtu binafsi, ni hili: kimejengwa kwa ukubwa gani, na kinalishwa kiasi gani?

Sasa nikueleze mashine inavyolala. Kulikuwa na beringi. Ndogo, inakaa kwenye kiganja. Ilikuwa ya mtambo wa kuandaa uzi kabla haujaenda kufumwa, na mtambo ule ukisimama, mashine zote za kufuma zinakula akiba ya siku chache halafu zinasimama nazo. Fundi mkuu aliandika ombi asubuhi ileile. Lilikwenda kwa meneja, likaenda makao makuu Dar es Salaam kwa shirika mama lililosimamia viwanda vya nguo. Shirika mama likaliweka kwenye orodha ya maombi ya fedha za kigeni ya viwanda vyake vyote. Orodha ikaenda Benki Kuu. Benki Kuu ikakata orodha, maana dola hazikuwepo: mafuta yalikuwa yamepanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, na mazao tuliyouza nje yalikuwa yameshuka. Baada ya dola kulikuwa na leseni ya kuagiza, halafu muuzaji wa nje akataka hakikisho la benki, halafu meli, halafu bandari, halafu reli ya Kati mpaka Mwanza Kusini. Tulipoipokea, karani wa stoo aliifunua kwenye karatasi yake ya mafuta, akaiangalia, akacheka. Ilikuwa saizi sahihi lakini aina nyingine. Fundi akaichonga pembeni ikaingia. Kati ya ombi na siku ile, ukumbi mzima ulikuwa ukifagiwa kila asubuhi na watu waliolipwa mshahara kamili kufuma nguo, na mimi ndiye niliyekuwa naandika mshahara huo kwenye gharama ya mita zilizotoka kwenye mashine chache zilizobaki.

Unajua gharama hiyo ilikwenda wapi? Hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri, maana vitabu vingi vinapita haraka. Kulikuwa na Tume ya Bei, iliyoanza kwa sheria ya 1973. Kiwanda hakikujipangia bei. Kilipeleka gharama zake, Tume ikazikagua, ikaongeza faida ya wastani juu yake, ikatangaza bei. Fikiria hiyo kama mhasibu. Ukipunguza gharama, bei yako inashuka. Ukizembea, gharama inapanda, na bei inapanda nyuma yake, ijapokuwa kwa kuchelewa. Mita yangu iliyobeba mishahara ya wafagiaji ilipelekwa kwenye Tume kwa karatasi safi yenye mihuri. Na kwa kuwa nguo zilikuwa adimu, kila jora tulilotoa lilichukuliwa na kampuni ya biashara ya mkoa, ile RTC ambayo mama yako atakuwa ameisimamia foleni, na kwisha. Waswahili wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Enzi zile kibaya nacho kilijiuza.

Kwa hiyo mwaka ambao hesabu zetu zilionyesha faida, faida ile haikunieleza chochote kuhusu ufanisi. Ilinieleza kwamba Tume ya Bei imejibu barua mapema. Na miaka tuliyopata hasara, sehemu ya hasara ilikuwa ni Tume kuchelewa kujibu. Mwanafunzi anayechukua safu ya faida na hasara ya viwanda vya umma ya miaka ile na kutoa hukumu, anapima urefu kwa mizani. Pima vitu vyenyewe: kilo ngapi za uzi zimetoka katika kilo 100 za pamba iliyochambuliwa, uniti ngapi za umeme kwa kila mita elfu, saa ngapi za mtu kwa jora moja. Vipimo hivyo havidanganywi na bei.

Kwa pamba hasa, kipimo kinaanzia kabla ya kiwanda cha nguo. Mkulima wa Kwimba au Magu akileta kilo 100 za pamba ghafi jinarini, yaani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nyuzi zinazopatikana ni kilo thelathini na nne au tano hivi, kilichobaki karibu chote ni mbegu. Zaidi ya tisa ya kumi ya pamba ya nchi hii inalimwa huku kwetu magharibi, na bado kulikuwa na majira viwanda vya nguo vya Kanda ya Ziwa vililia njaa ya pamba. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, vikarudi kwa sheria ya 1982, na katikati ya hapo ukusanyaji ulivurugika. Halafu robota likipatikana, Serikali ilikuwa na kishawishi kikubwa cha kuliuza nje lipate dola, kuliko kulipeleka kwenye kiwanda chake chenyewe. Sisemi lilikuwa kosa. Nasema meneja wa kiwanda hakuulizwa.

Na hapo namgeukia mwalimu wako. "Hakikuwa na mwenyewe" ni maneno matamu, lakini mimi niliyekaa mle ndani nakwambia kilikuwa na wenyewe wengi mno. Wizara ilikuwa mwenyewe. Shirika mama lilikuwa mwenyewe. Benki Kuu ilishika dola, Tume ya Bei ilishika bei, kamati ya mishahara ya mashirika ya umma ilishika mishahara, RTC ilishika wateja, tawi la chama lilishika nidhamu, na Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ilishika mkopo. Kila mmoja aliweza kusema hapana. Hakuna hata mmoja aliyelala njaa kiwanda kikisimama. Meneja, ambaye ndiye angesutwa, alibaki na mamlaka ya kuamua zamu ya chai. Hilo ni jambo tofauti na kukosa mwenyewe, na dawa yake ni tofauti.

Mkopo nao uelewe. Hasara ikitokea, kiwanda kiliongeza deni benki, benki ilikuwa ya Serikali, kiwanda cha Serikali, na nyuma yao Hazina. Mchumi wa Hungaria, János Kornai, aliyekulia kwenye uchumi wa namna hiyo, aliuita mfumo huu bajeti laini: mtu anatumia akijua kuna atakayefidia. Sisi tulikuwa na msemo wetu pale ofisini, "NBC ipo." Mwaka 1991 ilibidi iundwe taasisi maalumu ya kuyachukua madeni mabovu ya benki, na mwaka 1997 NBC yenyewe ikagawanywa. Madeni ya viwanda vya umma yalikuwa sehemu kubwa ya mzigo ule.

Ukitaka ushahidi kwamba si umiliki peke yake, tazama viwanda viwili vilivyojengwa karibu wakati mmoja, mwishoni mwa miaka ya 1960: Urafiki, Dar es Salaam, na Mwatex, hapa Mwanza. Urafiki ilijengwa kwa msaada wa China, mashine rahisi, watu wengi. Mwatex ilifuata mtindo wa Ulaya, mitambo ya kujiendesha zaidi, watu wachache. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walibishana sana kuhusu uteuzi ule, nani alichagua vizuri. Mimi naona jambo la kushangaza zaidi ni lililofuata: teknolojia mbili tofauti, na miaka ya 1980 ilipofika zote mbili ziliumwa ugonjwa uleule, dalili zilezile. Aina ya mashine haikuwa na la kusema mbele ya foleni ya dola.

Vuka ziwa uende Jinja. Pale Shirika la Maendeleo la Uganda, lililoanzishwa 1952, lilikuwa na kiwanda cha nguo cha Nytil, jirani na umeme wa bwawa la Owen Falls. Mali ya umma. Miaka ya 1960 nguo za Jinja zilijulikana Afrika Mashariki nzima. Baada ya 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, na wataalamu wengine wakakimbia, na dola zikakauka, kiwanda kiliporomoka. Mmiliki hakubadilika hata siku moja katika kipindi hicho. Kilichobadilika ni kila kitu kingine.

Na nenda mbali kidogo. Mwaka 1968, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipozindua Urafiki, Korea Kusini ilianzisha kampuni ya chuma ya serikali, POSCO. Benki ya Dunia ilikuwa haiuamini mradi ule. Chuma kilianza kutoka 1973, na kampuni ikawa miongoni mwa bora duniani ikiwa bado mikononi mwa serikali. Ubinafsishaji ulikamilika mwaka 2000 tu. Tofauti yake na sisi? Sehemu ya chuma chake iliuzwa nje, ambako hakuna Tume ya Bei, na serikali ile ile iliyoimiliki iliwazuia wanasiasa wake wasiiguse. Upande wa pili weka kiwanda cha viatu cha Morogoro, ambacho Benki ya Dunia ilikiamini na kukikopesha: kilijengwa kwa uwezo wa jozi milioni nne kwa mwaka, nyingi za kuuzwa Ulaya, na kikaishia kuzalisha sehemu ndogo sana ya hizo kabla ya kufungwa. Majengo yalikuwa na kuta za alumini, bila upitishaji mzuri wa hewa. Katika joto la Morogoro! Nani aliyetia saini mchoro ule, sijui, lakini nina hakika hakuwahi kushona kiatu pale ndani saa nane mchana.

Ukubwa usiolingana na malisho haukuisha na enzi zile. Hapa Mwanza tunacho kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa na Rais Samia Juni 2021, ambacho Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina hisa asilimia 25 na wabia wa nje ndio wenye sehemu kubwa. Uwezo wake ulitangazwa kuwa kilo 480 kwa siku. Fanya hesabu kwenye daftari lako: kwa siku 300 za kazi, hizo ni tani 144 kwa mwaka. Dhahabu yote inayochimbwa Tanzania kwa mwaka ni kati ya tani 50 na 60. Na sehemu kubwa ya hiyo ni ya migodi mikubwa yenye mikataba yake ya kusafisha nje. Kwa hiyo kabla hujauliza kama menejimenti ni nzuri au mbaya, umeshajua kwamba kiwanda hiki hakiwezi kujaa kwa dhahabu ya nyumbani peke yake, hata kikisimamiwa na malaika. Ndiyo maana kilichokisaidia zaidi si mashine mpya bali ni kanuni: tangu 2024 wachimbaji na wauzaji wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu isafishwe na kuuzwa ndani, na Benki Kuu ikawa mnunuzi. Mimi naliona ni jambo jema kwa akiba ya nchi. Ila mhasibu ndani yangu anaandika pembeni ya ukurasa: mteja aliyeletwa kwa amri si sawa na mteja aliyekuja mwenyewe.

Kule Kibaha kuna mfano mwingine wa hilo, kiwanda cha Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, teknolojia ya Cuba, uwezo wa lita milioni sita kwa mwaka. Mwaka 2017 Rais Magufuli alipokitembelea alikuta dawa ipo na wanunuzi hawapo, akaagiza halmashauri zinunue. Bidhaa nzuri, uhitaji upo kila mtaro wa mji huu, lakini uhitaji si soko.

Turudi kwenye neno la baba, "mpaka kilipouzwa." Hapa ana haki zaidi ya anavyopewa. Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, ilianza kazi miaka ya mwanzo ya 1990 ikiwa na mashirika yapatayo mia nne mezani. Viwanda vya nguo vilikuja mezani vikiwa tayari mahututi: tangu katikati ya miaka ya 1980 biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imeingia kwa marobota, na jora letu lenye mita ya gharama ya wafagiaji likakutana ana kwa ana na shati la Ulaya la bei ya chai na maandazi. Kiwanda hakikufa siku ya kuuzwa. Lakini kuuzwa hakukukifufua pia, na wengi walionunua viwanda walikuwa wananunua kiwanja na maghala. Ukipita maeneo ya viwanda ya mji wowote nchini utayaona: geti la kiwanda, ndani ni stoo ya mbolea au saruji. Serikali yenyewe baadaye ilianza kuvirudisha vile ambavyo wanunuzi hawakuviendeleza. Hapo mwenyewe alikuwepo, tena mmoja, na ufanisi haukuja.

Bia ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1993 Wasauzi walichukua nusu ya TBL, kampuni ya bia ya Serikali, wakaleta fedha, mitambo na wapishi wa bia, na miaka hiyohiyo Mwanza ikapata kiwanda chake. Usiseme haraka kwamba ni ubinafsishaji tu ulioleta tofauti na nguo. Bia ni nzito, ina maji mengi, haibebeki kirahisi kutoka Ulaya, na hakuna bia ya mtumba. Mnunuzi wa bia alinunua pia soko lisilo na mshindani wa maana kwa muda mrefu. Mnunuzi wa kiwanda cha nguo alinunua vita.

Wenzetu wa Kenya, upande wa Kisumu, wamechukua njia ya tatu. Viwanda vya sukari vya serikali vya Muhoroni, Chemelil, Sony na Nzoia viliburuta madeni ya wakulima wa miwa kwa miaka na miaka, na mwaka 2025 vikakodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30, mali ikabaki ya umma. Ni mapema kutoa hukumu. Kipimo changu mimi kwa viwanda vile hakitakuwa faida. Kitakuwa siku ngapi mkulima anasubiri malipo baada ya kupeleka miwa.

Ambayo inanileta kwenye swali lako la mwisho, na ndilo lililonifurahisha. Kiwanda cha umma kilikuwa na kazi nyingine: ajira, zahanati, shule ya chekechea, timu ya mpira, kupeleka nguo Sengerema na Ukerewe ambako mfanyabiashara asingefika. Kukipima kwa faida tu ni kukionea. Lakini kusema "lengo halikuwa faida" na kufunga daftari nako ni hila, na nimewaona mameneja wakijificha humo. Kila lengo la jamii liandike kwenye mstari wake na gharama yake. Zahanati imekula kiasi gani, imetibu wangapi? Wafanyakazi waliozidi mahitaji ni wangapi, na mishahara yao ni kiasi gani? Ondoa hizo kwenye hasara. Kinachobaki ndicho uzembe, beringi, na bei. Kule kwetu nilifanya zoezi hilo mara moja, kwa siri kidogo, kwenye daftari la mraba. Huduma zote za jamii pamoja hazikufika hata robo ya hasara. Nilimwonyesha bosi, akanirudishia daftari, akaniuliza kama nimemaliza hesabu za mwezi.

Kwa kazi yako ya chuo, usianze na magazeti. Chukua ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya mashirika ya umma, hutoka kila mwaka. Usihadaike na hati inayoridhisha: hati inasema vitabu vimeandikwa sawasawa, haisemi kiwanda kimefanya vizuri. Unaweza kupata hati safi ya hasara safi. Nenda kwenye maelezo ya ndani. Tafuta mahali mkaguzi anapotilia shaka uwezo wa shirika kuendelea kujiendesha. Tazama madeni ya muda mfupi dhidi ya mali ya muda mfupi. Tazama nani anawadai na nani wanamdai. Ukikuta kiwanda cha umma kinaidai taasisi nyingine ya umma kwa miaka mitatu, umeikuta beringi ya siku hizi. Gawio linalopelekwa kwa Msajili wa Hazina, anayesimamia hisa za Serikali, kwenye hafla litazame mwisho, na uliangalie pamoja na ruzuku na dhamana iliyotoka Hazina mwaka huohuo, maana mkono mmoja unaweza kuwa unapokea kilichotolewa na mwingine.

Baba yako usimhoji kwa swali la "kilikuwa kizuri au kibaya". Muulize mashine yake ilikaa siku ngapi mara ya mwisho iliposimama, na ilikuwa inasubiri nini. Halafu muulize kama ametunza kadi zake za bonasi. Viwanda vingi vya nguo vilimlipa mfumaji ziada kwa mita, na kadi iliandikwa zamu kwa zamu, kwa kalamu ya bluu, na msimamizi akatia saini pembeni. Wazee wengi wanazo kwenye sanduku pamoja na vyeti. Kama zipo za miaka hata mitatu mfululizo, usizitoe fotokopi tu ukaondoka. Zipange kwa mwezi, mita juu, saa chini. Ukishazipanga niandikie, nami nikishuka Igoma siku ya mnada nitapita nyumbani kwenu tuziangalie pamoja na mzee.